Hukumu Iliyoletwa na Mtani

Mimi si mtu wa mzaha. Nalisema mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia. Nikitaniwa huwa nalipokea lile neno kama mtu aliyepewa muhogo wa moto, nalihamisha mkono huu na mkono ule, na jibu hunijia wakati mwenzangu ameshafika kwake. Kisha nalitengeneza jibu langu, nalinyoosha, nalipima, mpaka linakuwa zuri sana na halina tena wa kuambiwa.

Katika nyumba yetu tabia hiyo ni msiba. Baba yangu ni Mnyamwezi na mama yangu ni Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukunyang'anya kofia, kukutangaza kuwa umekufa na kudai wali wa matanga yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ukifa kweli, mtani huyo huyo ndiye anayefika wa kwanza na jembe. Mimi mwenye damu ya pande zote mbili nilitaniwa na wajomba na nikataniwa na baba wadogo, na sikuwahi kushinda hata mara moja.

Mtani mkubwa wa baba alikuwa tarishi wa boma. Alikuwa Mzaramo mrefu, mwenye kanzu ya kaki, tarbushi nyekundu, na bamba la shaba kifuani alilolisugua kwa majivu na ndimu mpaka likawaka. Kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya serikali majumbani mwa watu wa Kariakoo: fulani anaitwa shaurini, fulani kodi yake imechelewa. Mbele ya milango ya watu wengine alisimama wima, akasema neno alilotumwa, akaondoka. Mbele ya mlango wetu hakuweza.

"Hodi nyumba ya mizigo," alikuwa akisema.

"Karibu, mla chaza," baba humjibu. "Leo bahari imekunyima nini?"

Siku moja alimwambia baba kwamba Gavana amemchagua awe liwali, basi atafute joho. Siku nyingine alileta habari kwamba imeamriwa Wanyamwezi wote warudishwe Tabora kwa reli, wapakiwe pamoja na magunia ya chumvi, na chumvi ndiyo itakayokaa kwenye viti. Hata baba alipolazwa hospitalini amevunjika mguu, tarishi alikuja na kipande cha kitambaa cha marekani, akampima urefu pale kitandani, kutoka utosini hadi unyayoni, akisema sanda ya Mnyamwezi lazima iwe na mahali pa kufungia mzigo. Wagonjwa walicheka hata mwuguzi akamfukuza. Mimi nilitoka nje kwa aibu. Baba anasema ndiyo siku aliyoanza kupona.

Mguu ule ulivunjwa na marobota ya mkonge. Baba alikuwa hamali katika ghala moja karibu na bandari, na siku hiyo nyapara alimwamuru avute robota la chini wakati yale ya juu hayajateremshwa. Yalimwangukia matatu. Nyapara alipoulizwa na Bwana Shauri, ofisa wa boma aliyeamua mashauri ya watu, alisema hakumwamuru lolote. Alisema ilikuwa saa ya mapumziko na baba alikuwa amejilaza kivulini chini ya marobota, akalala, yakamwangukia usingizini. Ikiwa alikuwa kazini, mwajiri alitakiwa kumlipa fidia. Ikiwa alikuwa amelala, hakuna kitu. Bwana Shauri alikwenda kumsikiliza baba hospitalini, akasema atafikiri na uamuzi wake tutaletewa nyumbani.

Tukangoja. Baba alirudi nyumbani na mguu uliopona kwa kupinda, na mkongojo. Akawa anashinda barazani. Mama alikaanga vitumbua asubuhi na bagia jioni, mimi nilipima sukari na mchele katika duka la Mwarabu mmoja, Mshihiri, karibu na soko, na kwa hayo tulikula. Lakini chumba kilikuwa cha kupanga, na mama alikwisha kusema kwa sauti ndogo kwamba fidia isipokuja tutahamia kwa kaka zake, ng'ambo ya Magomeni, tukalime muhogo. Mtu asiyeweza kusimama bila mkongojo atashikaje jembe? Na mimi, nitasema ukweli, niliwaza pia habari yangu. Kusoma kwangu kote kulitoka katika duka lile. Sikwenda shule ila chuo cha Kurani. Herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani ambayo Mshihiri alinunua kwa ratili ya kufungia bidhaa. Shamba halina magazeti.

Hivyo kila jioni nikirudi niliuliza, "Bwana Shauri hajaleta neno?" na baba alijibu, "Hajaleta." Hakusema uongo. Ndivyo alivyoamini.

Masika yalikuwa yamekolea, Jangwani kumejaa maji, siku moja tarishi alipopita kwetu nami nikiwa nyumbani. Baba alikuwa barazani, mama anachambua mchele kwenye ungo.

"Hodi nyumba ya mizigo. Naona mzigo bado uko mlangoni, mwenyewe hajaja kuuchukua."

"Mwenyewe alikuja akaona mlinzi wake Mzaramo," alisema baba, "akajua umeshaibwa nusu."

Tarishi alicheka, akaketi, akachukua kitumbua bila kuuliza. Alipokuwa anatafuna akasema, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Rufani yenu imefika wapi? Mbona sijaona jina lako pale mahakamani?"

"Rufani gani?" alisema baba.

"Rufani ya mguu."

"Mguu wangu umekata rufani kwa nani? Kwa mguu wako?"

"Mtani, sitanii."

"Lini ulianza kutotania?"

Tarishi aliacha kutafuna. Nikamwona uso wake unabadilika, na ndipo mimi nilipoanza kuogopa, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuuona uso wake bila kicheko ndani yake. "Nilikuja hapa hapa," alisema polepole. "Mwezi wa mvua za kwanza. Nilikwambia Bwana Shauri ameamua. Nilikwambia umeshindwa. Nilikwambia kama hukubali, upeleke rufani kwa Hakimu kabla ya mwezi kwisha."

Mama aliweka ungo chini. "Ulisema," alisema mama. "Nilikuwapo. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka."

Basi nikasimuliwa yaliyopita siku ile nikiwa dukani. Tarishi alikuwa amesimama palepale, tarbushi upande, akasema: "Ewe mzigo usio na mwenyewe, sikiliza. Bwana Shauri ameamua hupati kitu. Amesema ulikuwa umelala kama kiboko aliyeshiba majani. Kama hukubali, kata rufani kwa Hakimu kabla ya mwezi kwisha, na usipokata, nitakuja mwenyewe nikushone ndani ya gunia nikupeleke Tabora." Na baba alijibu: "Mwambie Bwana Shauri nimesikia. Mwambie na mahari ya binti yake iko tayari." Majirani wakacheka, tarishi akanyakua kanda la mama la samaki, akaondoka nalo. Habari ile ikawa kichekesho cha mtaa, ila mimi nisiye mtu wa mzaha hakuna aliyenisimulia. Baba mwenyewe aliisimulia kwa muuza kahawa. Hakuna hata mtu mmoja Kariakoo aliyeiamini, na ilikuwa kweli tupu.

Mwezi ule ulikuwa umekwisha zamani.

Kisha tarishi alisimama, akarekebisha bamba lake. "Mkienda mahakamani," alisema, "mtasema sikufika."

Hakuuliza, alisema kama mtu anayekiri deni. Wote tulijua maana yake. Tarishi asiyefikisha neno la serikali ni kibarua asiye na kibarua.

Baba alimtazama. "Mtani wangu wewe ndiye utakayenizika," alisema. "Mimi sikuziki ukiwa hai. Kaa umalize kitumbua."

Lakini tarishi hakukaa.

Kesho yake nilimweleza Mshihiri kisa chote. Alikuwa mtu wa kusikiliza huku anahesabu, na alipomaliza kusikiliza alikuwa amemaliza pia shauri.

"Rahisi," alisema. "Nyie semeni tarishi hakuja. Yeye atasema alikuja. Neno lake na neno lenu. Hakimu ataona mtu kilema na mtu mwenye tarbushi, atamhurumia kilema. Utapewa muda."

"Baba amekataa."

"Baba yako anataka mguu au anataka Mzaramo?"

"Anataka vyote viwili."

"Basi andika wewe, msomi wa karatasi za sukari," alisema Mshihiri. "Tuone."

Akanipa wino na kona ya meza, na hapo ndipo maradhi yangu yalipopata malisho. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu cha kusomwa na Hakimu. Nililiona ombi lile la kuongezewa muda akilini mwangu jinsi litakavyokuwa: maneno ya heshima mwanzoni, sababu katikati, unyenyekevu mwishoni, na mistari imenyooka kama mitaa ya Kariakoo. Kila nililoandika halikufanana na lile la akilini. Nikiona neno limekaa vibaya nilianza upya. Nikiona wino umemwagika hata nukta moja nilianza upya. Karatasi nilizozikataa nilizikunja nikaziweka chini ya meza, na Mshihiri, ambaye hatupi kitu, akaanza kuzifungia pilipili manga. Ndivyo mtaa mzima ulivyojua shauri letu. Muuza kahawa alinisimamisha njiani akaniambia ombi lililofungia pilipili yake lilikuwa zuri, ila amelisoma mpaka "kwa hiyo mtumwa wako" halafu karatasi ikakatika, na angependa kujua lilivyoishia.

Mwishowe mama alikuja dukani mwenyewe, ushungi kichwani, akasimama mbele ya meza.

"Leo siku ya ngapi unaandika?"

"Nakaribia, mama."

"Hilo la jana lilikuwa na kosa gani?"

"Mstari wa tatu uliinama."

"Na mguu wa baba yako je?" alisema mama. "Umenyooka?"

Mshihiri aligeuka akatazama rafu za chumvi. Mimi nilinakili lile la jana jinsi lilivyokuwa, mstari wa tatu na kuinama kwake, nikalipeleka kwa karani wa mahakama kabla moyo haujanibadilika. Njiani nililisoma tena nikagundua kwamba sehemu iliyo ngumu kuliko zote nimeikimbia. Nilikuwa nimeandika kwamba baba "hakuuelewa ujumbe kwa ajili ya desturi za makabila." Hayo ndiyo maneno niliyoyaona yana heshima. Neno utani sikuliandika popote. Niliona haya kuliweka mbele ya Mzungu.

Siku ya kusikilizwa tulitoka mapema, baba na mkongojo wake, mama nyuma, mimi na nakala yangu ndani ya kitambaa. Tulivuka Mnazi Mmoja polepole, kwa kuwa baba alikataa rikisho la kukokotwa na mtu na alikataa bega langu. Tulipofika alikuwa ametota jasho. Ndani ya mahakama nyapara wa ghala alikuwa tayari amekaa, kanzu yake imepigwa pasi, ametumwa na mwajiri kupinga. Tarishi alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida ya kazi yake, wima kama nguzo. Hakututazama.

Hakimu alikuwa Mzungu mwembamba aliyesema Kiswahili taratibu, kila neno lake limevaa viatu. Nilisimama nikafunua kitambaa nikaanza kusoma: "Kwa heshima na unyenyekevu mwingi..."

"Nimekwisha kusoma," alisema Hakimu. "Mwandiko wako mzuri. Nataka kujua mambo machache tu. Tarishi alifika kwenu?"

Hilo halikuwamo katika nakala yangu. "Alifika, Bwana."

"Alisema habari ya uamuzi?"

"Alisema."

"Alisema muda wa rufani ni mwezi mmoja?"

"Alisema, Bwana."

"Baba yako ni kiziwi?"

"Si kiziwi."

Hakimu aliweka karatasi yangu mezani. "Basi sioni sababu ya kuwapa muda mwingine. Hapa umeandika 'desturi za makabila.' Ni desturi gani hiyo inayomzuia mtu kusikia alichoambiwa?"

Nyapara alitabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali ambalo ningeulizwa na mtu anayefanana nami. Nilitazama karatasi, karatasi haikujua. Nilimtazama baba, naye alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyepanda mti asiouweza. Ndipo macho yangu yakaenda mlangoni, kwa tarishi, nikaona anameza mate.

Nikalikunja ombi langu.

"Bwana," nilisema, "mimi sijui kulieleza. Naomba tarishi aulizwe. Asiulizwe alisema nini, hilo tumekubali. Aulizwe alilisemaje."

Hakimu alifikiri, kisha akamwita kwa kidole. Tarishi alikuja mbele akapiga mguu chini.

"Ulimwambia mtu huyu uamuzi?"

"Nilimwambia, Bwana."

"Kwa maneno gani?"

"Kwa maneno ya serikali, Bwana."

Moyo wangu ulianguka. Sikumlaumu, alikuwa na watoto na kibarua chake. Lakini kutoka kwenye benchi ikasikika sauti ya baba, tulivu kabisa.

"Muongo huyo, Bwana. Mla chaza hana maneno ya serikali."

"Nyamaza wewe," alisema karani.

"Hata lile bamba si la serikali," baba aliendelea, kama anayemwambia jirani. "Ni mfuniko wa sufuria ya mkewe. Mke anapika wali bila mfuniko, mvuke wote unakwenda kwa jirani, ndiyo maana yeye amekonda."

Nilimwona tarishi amekaza taya. Shavu lake moja likacheza. Alimtazama Hakimu, akatazama dari, akafunga macho. Lakini utani ni kama kupiga chafya. Mtu huweza kuuzuia mpaka mahali fulani tu.

"Bwana Hakimu, uniwie radhi," alisema, na akavua tarbushi yake akaishika kwapani, kana kwamba kichwa kitupu si cha serikali. Kisha akamgeukia baba. "Wewe mzigo usio na mwenyewe, nani aliyekupa kinywa? Umeingia mahakamani kwa miguu mitatu kama kigoda kilichokatika, na bado unanuka mkonge. Nilikwambia nini? Nilikwambia Bwana Shauri amesema ulikuwa umelala kama kiboko aliyeshiba majani. Nilikwambia kata rufani kwa Hakimu kabla ya mwezi kwisha, na usipokata nitakushona ndani ya gunia nikupeleke Tabora. Nawe ukataka kumposa binti wa Bwana Shauri. Wewe. Hata mbuzi hajakukubali."

"Mbuzi alinikubali," alisema baba. "Shangazi yako ndiye aliyemwonea wivu."

Kicheko kilitoka nyuma, kwenye mabenchi ya watu waliongoja mashauri yao, kikaja mbele kama maji ya Jangwani. Askari mlangoni aligeukia ukuta. Karani aliinamia kidau cha wino akawa anatikisika mabega. Mama alijifunika uso kwa ushungi. Hakimu peke yake hakucheka. Alikuwa akiwatazama wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa makini sana.

"Mnachukiana?" aliuliza.

"La, Bwana," walisema pamoja.

"Huyu ni mtani wangu," alisema tarishi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Akifa nitamchimbia kaburi. Na kweli nilitumwa, Bwana, na kweli niliifikisha. Lakini niliifikisha imevaa nguo za uongo. Sikukusudia. Nilipouona mlango wake ulimi ulikwenda wenyewe. Kwa mtu mwingine ningeisema wima. Makosa ni yangu."

Hakimu alimgeukia baba. "Mtu huyu akikwambia nyumba yako inaungua, utafanya nini?"

"Nitamwambia aingie alale, Bwana, asikose joto."

"Hutatoka?"

"Nitatoka nikiuona moto."

"Na neno la rufani, moto wake uliuona lini?"

"Alipoacha kutafuna kitumbua cha mke wangu," alisema baba. "Sijapata kumwona akiacha chakula. Nikajua nimekwisha."

Hapo Hakimu alitabasamu, kidogo, upande mmoja. Nyapara alisimama akasema mwajiri wake hawezi kusumbuliwa kwa ajili ya upuuzi wa watu wa mitaani, na sheria ni sheria, mwezi ni mwezi. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika. Sijui aliandika kwa muda gani. Mimi nilikuwa nikihesabu misumari ya meza yake na kuikosea.

Alipoinua kichwa alisema hivi, nami nimeyaweka maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka. Alisema muda wa rufani umewekwa ili mtu aliyepata habari asilale. Lakini mtu huyu habari ilimfikia kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye akili, wa kabila lake na mji huu, asingeiamini. Na aliyeileta amekiri mwenyewe mbele ya mahakama, ingawa kukiri kulikuwa kwa hasara yake. Kwa hiyo anaongeza wiki mbili tangu leo, na rufani itapokelewa.

"Na wewe," alimwambia tarishi, ambaye alikuwa amesimama na tarbushi kwapani kama mtu anayengoja viboko. "Tangu leo ukipewa neno la mahakama, kabla ya kwenda uliza kabila la mtu. Akiwa mtani wako, aende mwenzako."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi vaa kofia yako."

Hiyo ndiyo adhabu yake yote.

Wiki zile mbili sikuzihitaji. Rufani niliiandika siku ileile, mistari yake imeinama mingi, na sikuanza upya hata mara moja. Ilisikilizwa baadaye, hamali mwenzake baba, aliyekuwa juu ya marobota siku ile, alikuja akasema amri ya nyapara aliisikia kwa masikio yake, na uamuzi wa Bwana Shauri ukatenguliwa. Fidia ilikuja. Hatukuhama. Leo baba ana meza sokoni, anauza tumbaku ya kwao akiwa ameketi, na mimi bado nasoma magazeti ya Mshihiri kabla hayajafungiwa chumvi.

Lakini nikikumbuka ushindi wetu, siikumbuki siku ya fidia. Naikumbuka njia ya kurudi nyumbani siku ya muda ule wa nyongeza.

Tulipotoka mahakamani jua lilikuwa limewaka baada ya mvua, na baba alikwenda hatua chache akasimama. Mguu ulikuwa umevimba. Alijaribu tena, mkongojo ukateleza matopeni. Tarishi alikuwa ametufuata nje, zamu yake imekwisha. Alikwenda mbele ya baba, akageuka, akachutama.

"Nini hicho?" alisema baba.

"Panda."

"Kanzu yako ya serikali itachafuka."

"Panda kabla sijapata akili."

Baba alinipa mkongojo, akapanda. Tarishi aliinuka akiguna, akapepesuka, akasimama. Baba alikaa juu pale kwa muda akiitazama njia, kisha akamvua tarbushi akaivaa mwenyewe.

"Babu zangu," alisema, "walitembea kutoka Tabora na mizigo ya watu wa pwani. Wakafa njiani, wakazikwa njiani. Hakuna aliyeona siku hii ila mimi. Mpwani amembeba Mnyamwezi. Tembea sawasawa, mzigo huu wa thamani."

"Mzigo huu umeoza," alisema tarishi. "Ndiyo maana hauna ujira."

Tukaingia Mnazi Mmoja. Watu waliokuwa wakivuka kwenda Uhindini na waliokuwa wakirudi Kariakoo walisimama kutazama. Tarishi wa boma, bamba linawaka kifuani, kichwa wazi, mgongoni amembeba hamali kilema aliyevaa tarbushi ya serikali. Wanyamwezi waliokuwa wakichimba mfereji waliacha majembe wakapiga vigelegele vya kiume. Wazaramo waliokuwa na vikapu vya nazi wakamzomea ndugu yao. Mama, ambaye wiki zile zote hakuwa amecheka, alikuwa akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga, akiwaambia wote wawili ni wajinga na waharakishe.

Mimi nilikuwa nyuma, na mkongojo begani, nimejaa furaha na hofu pamoja, maana nilijua linakuja neno, na likaja. Muuza kahawa alikuwa ameketi na mabirika yake pembeni mwa njia. Aliinuka akapaza sauti, na alinitazama mimi.

"Ewe mwandishi wa pilipili! Mzigo wa nani huo?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilisubiri ulimi ufe kama siku zote. Haukufa.

"Wa serikali," nilisema. "Umeongezewa muda."

Walicheka, pande zote mbili za njia. Baba alicheka juu ya mgongo wa mtani wake mpaka tarishi akalazimika kusimama, akapanua miguu wasianguke wote wawili, na akaniambia bila kugeuka, "Mjomba, leo umezaliwa."